Kengele Iliyozibwa kwa Majani

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini vizuri. Kama uani kwenu kuna mbwa kijana anayewatoa jasho, mwacheni kwanza afanye anavyofanya mpaka mmalize kusoma. Hatakufa, na nyinyi hamtakufa.

Mimi shule sikusoma. Herufi za Kiarabu nilifundishwa chuoni, nikafika nusu juzuu, nikaolewa. Herufi hizi ninazoandikia nilifundishwa na mjukuu wangu nikiwa tayari sina meno ya nyuma. Kwa hiyo atakayeona kosa la mwandiko anyamaze. Lakini mbwa nawajua. Baba yangu alikuwa mwindaji huko juu ya Kizuka kabla hajasilimu na kushuka ziwani na mama yangu na sisi watoto. Nimekulia katikati ya mbwa kuliko katikati ya mabinti, na maisha yangu yote hapa Rumonge watu wameniletea mbwa waliowashinda.

Na karibu wote wanaoletwa ni wa umri mmoja. Mbwa akiwa mdogo anakufuata kisiginoni, ukisimama anasimama, ukikaa anakulalia mguuni. Mwenye mbwa anafurahi, anasema huyu wangu ana akili. Halafu siku moja meno ya kitoto yamekwisha anguka, miguu imerefuka, unamwita anakutazama, kisha anageuza shingo upande mwingine kama bibi harusi aliyesalimiwa na wakwe. Anatafuna kiatu, anarukia wageni, anakimbiza kila chenye miguu. Hapo ndipo watu huchukua fimbo, au humtia mtumbwini wakamtupe ng'ambo. Ni ujinga. Mbwa huyo hajaharibika. Yuko njiani tu, na mtu aliye njiani anahitaji kuonyeshwa pa kupita.

Sasa niwaambie habari ya mbwa mmoja, kwa sababu kwa huyo mimi mwenyewe nilikosea, na kosa lile ndilo lililonifundisha.

Ilikuwa enzi ya Wadachi. Boma lao lilikuwa mbali, Usumbura, na sisi tuliwaona askari wakipita tu, lakini amri zao zilitufikia bila kuchoka. Mwaka ule iliamriwa vichaka vyote vya ufukweni vifyekwe kwa sababu ya mbung'o. Tukafyeka, wanaume na wanawake. Mbung'o sijui kama waliondoka, ila nguruwe pori waliokuwa wakilala humo waliondoka kweli. Walikwea juu, wakaingia kwenye mashamba ya mihogo.

Shamba la kwanza kufikiwa lilikuwa la jirani yangu, mjane wa Kirundi aliyenizidi miaka kama kumi, nami nikimwita dada. Mume wake, mwindaji, alikuwa amekufa kwa homa masika yaliyopita. Alimwachia shamba, mkuki, na mbwa watatu. Wawili wazee waliuawa na nguruwe siku moja. Akabaki yule wa tatu, mwekundu, miguu myeupe, hajatimiza mwaka. Bila mbwa yule dada hakuwa na mihogo, na bila mihogo yeye na mama yake kipofu wangekula nini? Watu wa ziwani tunakula ndagala, yaani dagaa, lakini ndagala peke yake haishibishi mtu.

Basi mbwa huyo ndiye aliyeanza ujana wake pale ambapo hakuna anayetaka kuuona. Wanawake walikuwa wakianika ndagala kwenye mchanga kila asubuhi, na yeye alikuwa akipita juu yake kama mwenye mchanga. Alimwangusha mtoto aliyekuwa amebeba maji. Mwisho akakimbiza mbuzi wa mkubwa wa mji, na mbuzi mmoja akatumbukia korongoni akavunjika mguu.

Mkubwa wa mji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa tumbo na kanzu safi, aliyependa kusema mara moja tu na asirudie. Alimwita dada mbele ya watu akamwambia, "Mwezi ukiandama mwingine na mbwa wako bado anakimbiza vitu vya watu, atapigwa mkuki. Nimemaliza."

Mwezi ulikuwa umekwisha pungua nusu.

Dada alikuja kwangu siku hiyo hiyo, hakukaa hata kwenye mkeka.

"Mdogo wangu, wanasema wewe unajua mbwa."

"Wanasema kweli."

"Basi huyu wangu iko na nini? Nimemupiga, hasikii. Nimemunyima chakula, anakula cha wengine. Nimemuita, anacheka."

"Ulimwita ukampiga?"

"Ego. Ningempiga vipi kama hajakuja?"

Nikamwambia, "Dada, mtu akikuita ukaenda akakuzaba kofi, kesho akikuita utakwenda?"

Akakaa mkekani. Kisha akasema, "Marehemu hakunifundisha. Mbwa walikuwa mambo yake."

Kesho yake nilikaa pale wanapoanika ndagala, nikaangalia tu. Hilo ni la kwanza na nawaambia msiliruke: kabla ya kumfundisha mbwa, tazama nani amekuwa akimfundisha. Mbwa mwekundu alikuja mkia juu. Mwanamke wa kwanza alimrushia kigae akamkosa. Wa pili akamkimbiza, na yeye akaona mchezo umeanza, akazunguka mara tatu. Wa tatu, mvivu, akamrushia ndagala kiganja kizima ili aende kusumbua wengine. Huyo wa tatu ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Na kila mmoja alimkemea kwa lugha ya kwao, Kirundi, Kibembe, Kiha, na Kiswahili cha kila namna. Mbwa asikie ipi?

Nikawaambia, "Kuanzia leo hakuna kurusha kitu. Akija, simameni mbele ya samaki zenu, mumgeuzie mgongo, mnyamaze."

Yule mvivu akasema, "Nimugeuzie mbwa mugongo? Akiniuma matako, utanishonea wewe?"

"Hana haja na matako yako," akamjibu mwenzake, "hata bwana wako ameyachoka." Wakacheka wote, lakini walifanya nilivyosema.

Dada naye nikampa kazi. Asubuhi kabla mbwa hajashuka ufukweni ale kwanza, kwa mkono, tonge la ugali wa mihogo lililochovywa mawese, kila tonge baada ya kuitwa na kuja. Neno ni moja, "njoo," na halisemwi mara mbili. Asiitwe kamwe kwa ajili ya kupigwa. Avutwe na kamba ya mgazi, mti wa mawese, anapopita kwa watu, na afikapo shambani apewe kazi, azunguke mpaka wa shamba na mwenye shamba mpaka ulimi umtoke nje. Mbwa kijana asiyechoka hutafuta mwenyewe cha kumchosha. Mchana nilimchukua mimi, nikamfunga nyuma ya ua wetu wa matete, maana dada alikuwa anakwenda kulima.

Hapo nilipata kesi na mama mkwe wangu. Nyumba yetu ilikuwa ya Waislamu, bwana wangu alikuwa safarini Uvira na mtumbwi wa mawese, na mama yake ndiye aliyekuwa serikali. Alisimama mlangoni na kusema, "Mkamwana, mkono ulioguswa na ulimi wa mbwa usiguse chungu changu."

"Nimenawa, mama. Mara saba, moja kwa udongo."

"Nimehesabu sita."

Nikarudi kunawa. Sikubishana, kwa sababu alikuwa amehesabu vizuri.

Siku tatu zilipopita mbwa alikuwa amebadilika. Alikuja akiitwa. Ndagala alizitazama, lakini hazikuruka tena angani, na migongo ya wanawake haikumfurahisha. Na mimi, sitaficha, kichwa kikanivimba. Nilitaka jambo la kumaliza kazi mbele ya watu. Nikakumbuka kwamba marehemu alikuwa na kengele ya mbwa, ya mti, kubwa kama ngumi, na ulimi wa mfupa. Nikaona: mbwa akivaa kengele, wanawake watamsikia mbali na kusimama tayari, watoto watajitenga, wachungaji watasogeza mbuzi. Nikaenda mwenyewe kwa mkubwa wa mji, na watu wamejaa, nikamwambia.

Alipenda sana. Akasema, "Bibi huyu ana akili. Basi si huyo tu. Kila mbwa wa Rumonge avae kengele. Atakayeonekana bila kengele ni mbwa wa porini, na atapigwa mkuki. Nimemaliza."

Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia.

Wachonga mitumbwi waliacha mitumbwi wakachonga kengele. Siku ya pili mji mzima ulikuwa unalia kokoro-kokoro. Na mbwa mwekundu akawa shetani. Hakuja akiitwa. Alikata kamba. Aliwapita wanawake walioonyesha migongo kama vile hawapo, akaenda moja kwa moja kwa bata wa msikitini. Siku iliyofuata alimkimbiza ndama. Na si yeye peke yake, maana mbwa wengine wa wawindaji, hata waliokuwa watulivu, walianza kukimbia huku na huku pua chini. Watu walisema Wadachi wameweka dawa katika upepo.

Dada alikaa kwenye kizingiti changu, macho makavu. "Mdogo wangu, mwezi umebaki kama kucha. Afadhali nimupeleke mwenyewe kwa mukuki, asiuawe na wageni."

"Ngoja," nikamwambia. Lakini sikujua tunangoja nini. Nilipitia kila kitu nilichofanya. Chakula, sawa. Neno, sawa. Kamba, sawa. Kengele hata sikuifikiria, kwa sababu ilikuwa akili yangu, na akili yake mtu huiangalia mwisho.

Aliyeiangalia ni mama mkwe. Ilikuwa adhuhuri, mbwa amefungwa nyuma ya matete, anazunguka mti bila kupumzika, na kengele inalia kila hatua. Mama mkwe alikuwa ameanza swala akakatizwa mara mbili na kelele. Alipotoa salamu alikuja uani na tasbihi mkononi.

"Mkamwana, ama mbwa huyu ama mimi. Mmoja wetu anyamaze."

"Kengele ni amri ya mkubwa wa mji, mama. Siwezi kuivua."

"Nani amesema uivue? Izibe na majani."

Nikang'oa majani nikayashindilia ndani ya kengele mpaka ulimi wa mfupa ukashikwa. Mama mkwe akarudi kwenye mkeka wake. Na mbwa, wallahi, alisimama, akajitikisa, akasikiliza. Akazunguka mara moja. Kisha akalala chini, akaweka kidevu juu ya miguu yake myeupe, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo.

Nilisimama pale na majani mkononi, na nikamwona baba yangu. Nilimwona akishuka njia ya Kizuka na mbwa wake mbele, kila kengele imezibwa na majani ili wanyama wasisikie. Mbwa wanatembea kwa utulivu kabisa, mmoja nyuma ya mwingine. Akifika ukingoni mwa kichaka anapiga goti, anachomoa majani, kengele moja baada ya nyingine, na kengele ya kwanza inapolia mbwa wote wanainua vichwa. Hapo ndipo wanapokimbia. Si kwa fimbo wala kwa kelele. Kengele ndiyo inayowaambia, sasa.

Mimi niliona jambo hilo mara mia nikiwa msichana, na bado nilimvisha mbwa wa mwindaji kengele wazi katikati ya mji. Toka asubuhi mpaka jioni nilikuwa namwambia kimbiza, kimbiza, kimbiza. Naye alikuwa mtiifu kuliko mbwa wote wa Rumonge.

Nikamwita dada. "Marehemu alikuwa anaziba kengele njiani?"

"Ego, kwa majani. Huyu mutoto alikuwa anafuata wakubwa wake, anaona."

"Tazama basi." Nikachomoa majani. Mbwa akasimama, shingo juu, kamba ikakaza. Nikaziba. Baada ya muda akalala. Nikarudia mara ya pili na ya tatu, ikawa vile vile. Dada aliweka mkono mdomoni, akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akaniuliza swali ambalo sikulipenda. "Nani atamuambia mukubwa wa mji?"

Nani mwingine? Nilikwenda. Watu walikuwepo, kama siku ile ile ya akili yangu, pengine wengi zaidi. Nikasema waziwazi kwamba nilikosea, kwamba kengele ndiyo inayowatia mbwa wazimu, na nikaeleza kwa nini.

Mkubwa wa mji akasema, "Juzi ulisema avishwe. Leo unasema avuliwe. Kesho utasema tumshonee kanzu?"

Watu wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Nimekwisha toa amri, bibi. Mimi nikiamuru kengele leo na kuitangua kesho, keshokutwa watoto wataniamuru mimi."

Hapo niliona mlango. Nikasema, "Mzee, amri yako ni kengele. Hukusema ilie. Amri ibaki. Kila mbwa avae, na ndani ya mji kila kengele izibwe na majani. Majani yatolewe porini, kama wazee wetu walivyofanya."

Alijishika ndevu. Nilijua amependa, lakini mtu wa namna ile hapendi mara moja. "Na mbwa wa mjane?"

"Mwezi unatazamiwa kesho jioni. Njoo kesho asubuhi ufukweni, umtazame mwenyewe. Akikosea, sitasema neno."

Sikulala vizuri, nawaambia kweli, ingawa mama mkwe alikoroma kama aliyetimiza kazi yake.

Asubuhi mchanga wote ulikuwa mweupe kwa ndagala. Wanawake walisimama mbele ya samaki zao, migongo tayari. Mkubwa wa mji alikuja na kiti chake na, kwa ubaya wake, na mbuzi watatu. Dada alishuka njia na mbwa nyuma yake, bila kamba. Kengele ilining'inia shingoni, kimya. Nilikuwa nimemwambia dada asitazame nyuma, kwa sababu mbwa kijana akiona una wasiwasi anajua kuna jambo la kuwasiwasia.

Walipita wanawake wa kwanza. Mbwa alipeleka pua kwa ndagala, akaona mgongo, akarudisha pua. Walipita wa katikati. Yule mvivu mkono wake ulianza kushuka kwa samaki, nikamkazia macho, mkono ukarudi. Kisha mbuzi mmoja akakurupuka mwenyewe na kukimbia, kama mbuzi wafanyavyo.

Masikio ya mbwa yalisimama. Mguu wa mbele ukainuka.

"Njoo," akasema dada, mara moja, sauti ya kawaida kabisa, na akaendelea kutembea.

Mguu ulibaki hewani. Nilihesabu pumzi zangu mbili. Kisha ukashuka upande wa dada, na mbwa akamfuata, akapewa tonge lake la mawese. Katika kurudi aliokota ndagala mmoja aliyekuwa ameanguka njiani.

"Na huyo?" akauliza mkubwa wa mji.

"Huyo alikuwa njiani, mzee. Hata wewe ungemwokota."

Akacheka mpaka kiti kikalalamika. Akasema mbwa aishi, na kengele zote za mji zizibwe, na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya amri yake tangu mwanzo. Nikasema ndiyo, mzee. Ameshinda yeye, na mbwa ameshinda. Mimi nilikuwa nimekwisha jifunza.

Siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu, tulipanda na dada mpaka ukingo wa shamba lake. Alipiga goti kama nilivyomwona baba akifanya, akachomoa majani. Sijaona mbwa akifurahi vile. Nguruwe walikimbia mpaka ng'ambo ya mto, na walipojaribu kurudi wiki iliyofuata walimkuta yupo. Mihogo ya dada ilikomaa. Mama yake kipofu alikula mpaka akaniita kuniambia amahoro na murakoze, amani na asante kwa Kirundi, na kwamba mbwa ananuka.

Tangu hapo watu waliponiletea mbwa vijana wao, swali langu la kwanza halikuwa "amefanya nini?" Lilikuwa "umekuwa ukimwambia nini bila kujua?" Mara nyingi jibu lilikuwa shingoni mwake, au mkononi mwa mwenyewe.

Baada ya miaka miwili dada alinipa mtoto wa mbwa yule, mwekundu kama baba yake. Mama mkwe alikubali, mradi akae nje ya matete na mimi nihesabu mpaka saba kwa sauti. Akakua, akafika umri wa kugeuza shingo. Siku moja nilirudi kutoka Minago nikakuta kuku wawili wamekufa, nguo zilizoanikwa zimo matopeni, na wanangu wanacheka juu ya paa la banda, mmoja ana majani ya kengele mkononi. Hata bwana wangu, aliyekuwa amerudi kutoka Uvira siku tatu tu nyuma, alikuwa anacheka nyuma ya mlango.

Sikumpiga mbwa, na sikumpiga mtoto. Nilimwita mbwa, akaja, nikaiziba kengele. Nikawaita wote uani, bwana wangu na mama mkwe wakiwemo, nikawaambia:

"Kuanzia leo majani haya yatatolewa mahali pamoja tu, ukingoni mwa shamba. Na atakayeyatoa ndiye atakayekimbia na mbwa mpaka mwisho wa mbio. Asiye na pumzi hiyo, mikono yake ikae mbali na kengele."